Mtihani ulioangukia kwenye giza

Mwaka jana mwezi wa sita nilipigiwa simu na mwalimu wa taaluma wa shule aliyokuwa anasoma binti yangu Kabula, ni praivet, inglishi midiamu, ipo hapa hapa Mwanza na siitaji jina kwa sababu sio hiyo peke yake inayofanya haya. Akaniambia baba Kabula ukipata nafasi pita ofisini kuna karatasi ya kusaini. Nikajua ni ada, maana Juni kwangu huwa ni mwezi mbaya, njia nzima ndani ya daladala nilikuwa napanga maneno ya kuomba wiki mbili. Kumbe ada ilikuwa haina shida. Karatasi ilikuwa inasema mimi mzazi nimeridhia kwa hiari yangu mwenyewe mtoto arudishwe darasa la tatu kwa kuwa wastani wake haufikii wastani wa shule, na kama siridhii basi nimtafutie shule nyingine kabla usajili wa upimaji wa darasa la nne haujafungwa.

Kwa hiari yangu mwenyewe. Mtoto ana miaka tisa.

Na hakuwa anafeli jamani, hesabu alikuwa na 58, masomo mengine sitini na kitu, hizo kwa Necta, baraza la mitihani la taifa, ni C na B, mtoto anapita vizuri tu. Shida ni lile bango la getini. Mnayajua hayo mabango, picha za watoto wamevaa mahafali na A zimepangwa kama namba za gari, na chini namba za simu za kuulizia nafasi. Bango lile haliwezi kubeba C. Mwalimu mwenyewe simlaumu sana, kijana mdogo, anaonekana na yeye kuna mtu juu anamhesabia, akanieleza taratibu kabisa kama anampa mtu habari za msiba, "unajua mzazi, huyu anatushusha."

Sikusaini siku hiyo. Nikasema naenda kuongea na mama yake. Lakini niliporudi nyumbani Buhongwa mtu niliyekuwa namuwaza wala hakuwa mama yake, nilikuwa namuwaza kaka yangu.

Sisi tumezaliwa Igombe, kule baada ya uwanja wa ndege, kijiji cha wavuvi. Baba alikuwa anavua dagaa kwa mtumbwi wa kukodi. Asiyejua mambo ya ziwa nimuelezee kidogo, dagaa wanavuliwa usiku na wanavuliwa kwa taa, siku hizi ni taa za sola ila enzi zetu ilikuwa karabai, taa inawashwa juu ya maji dagaa wanaifuata, unawazungushia wavu. Sasa mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawana shida na karabai yako, kwa hiyo siku za mbalamwezi watu wanalala nyumbani wanashona nyavu, na siku za giza ndo kazi, kila usiku, mpaka giza liishe. Maisha yote ya pale yanakwenda hivyo. Harusi zinapangwa kwa mwezi, madeni yanalipwa kwa mwezi.

Kaka yangu kanizidi miaka miwili. Shuleni alikuwa anaongoza, sio kuongoza kwa kubahatisha, kila muhula. Mimi nilikuwa wa saba, wa tisa, mara moja wa kumi na nne baba akanyamaza siku nzima. Kugawanya kwa tarakimu mbili nilifundishwa na kaka, usiku, kwenye mchanga, kwa kijiti, kwa sababu mwalimu alishapita hiyo mada na mimi sikuelewa kitu. Alikuwa anaweza kukokotoa kichwani bei ya madebe ya dagaa kabla tajiri hajamaliza kuandika kwenye kidaftari, mpaka matajiri wakawa hawampendi.

Mtihani wake wa darasa la saba uliangukia kwenye giza. Wa kwangu ukaangukia kwenye mbalamwezi.

Ndo hivyo tu. Kama mtu ananiuliza tofauti yetu ni nini, ni hiyo. Baba hakuwa mtu mbaya, aliona usiku ni wa ziwa na asubuhi ni ya mtihani, vitu viwili havigongani, na mtumbwini alihitaji mtu wa kushika taa na kuchota maji. Kaka alirudi alfajiri, akaoga ziwani, akavaa uniformu, akaenda mtihanini nywele zina maji. Siku mbili za mtihani, usiku mbili za maji. Mimi miaka miwili baadaye nililala kwenye kitanda, nikaamka nikanywa uji, na mafuta ya taa niliyokuwa nasomea wiki zile yalikuwa ya hela ya dagaa ya kaka, maana yeye sasa alikuwa mvuvi kamili.

Hiyo ni katikati ya miaka ya tisini, nafasi za sekondari za serikali zilikuwa za kuokota kwa kibano. Majina yalibandikwa ukutani kwenye karatasi moja na karatasi haikujaa. Shule yetu tulitoka wanne. Mama alipiga vigelegele, kuku akachinjwa, na kuanzia siku hiyo nyumbani kukawa na mtoto mwenye kichwa chepesi ambaye ni mimi, na kuna yule mwingine.

Hapo ndo huwa natamani watu wa elimu wapaangalie. Watu wanabishana kama mtihani unapima sawasawa au haupimi, sawa, lakini mimi naona kubwa zaidi ni kwamba mtihani unaaminiwa. Jibu likishatoka watu wote wanaanza kuishi kama ni kweli. Mama aliamini, na mwalimu yule yule aliyekuwa anampa kaka chaki aandike ubaoni kwa niaba yake naye akaamini. Mimi niliamini, nilipanda basi na sanduku langu la bati nikijua kabisa nimeenda kwa sababu nina akili kuliko waliobaki. Na kaka aliamini kuliko wote. Leo ana watoto watano na hajawahi kukanyaga kikao cha wazazi, anamtuma mkewe, au ananipigia, "mdogo wangu hebu niendee wewe, wewe ndo unajua mambo ya shule." Mtu ananunua dagaa Igombe anauza soko la mwaloni Kirumba kwa watu wanaopeleka mpaka Kongo, anapiga hesabu za faranga na shilingi kichwani, afu ripoti ya mtoto wa darasa la pili anasema hawezi kuisoma mpaka aniulize.

Turudi nyuma kidogo, maana haya mambo hayakuanza na baba yangu. Enzi za Mwingereza mtoto wa Tanganyika alikuwa anachujwa darasa la nne, akipona anachujwa tena la nane, na wachache sana ndo wanafika juu. Na Mwingereza kwao alikuwa anafanya hivyo hivyo, sheria yao ya elimu ya 1944 ilikuja na utaratibu wa mtoto kufanya mtihani akiwa na miaka 11, anayefaulu anakwenda shule za kuandaa watu wa vyuo, anayebaki anakwenda shule za kawaida. Kilichonichekesha, kwa uchungu, ni kwamba kule kiwango cha kufaulu kilitegemea umezaliwa wapi, sehemu zenye shule nyingi za juu mtoto anapita, akihamia wilaya ya pili kwa alama zile zile amefeli. Na kwa kuwa wasichana wa umri ule walikuwa wanawazidi wavulana, kuna maeneo wasichana waliwekewa alama ya juu zaidi ili nafasi zilingane. Sasa hapo unapima akili ya mtoto au unahesabu viti? Kuanzia 1965 serikali yao ikaanza kuzisukuma halmashauri ziachane na mchujo huo, nyingi zikaacha, lakini mpaka leo kuna maeneo kama Kent yameng'ang'ania. Wajerumani nao sehemu kubwa ya nchi wanawagawa watoto baada ya darasa la nne, miaka kumi hivi. Wafini walikuwa na mchujo kama huo wakaufuta miaka ya sabini, wakawaweka watoto wote shule moja mpaka miaka 16, na mbingu haikuanguka.

Ila mfano mzuri kuliko yote upo hapa hapa ziwani, hauhitaji ndege. Mwalimu Nyerere alianza darasa la kwanza Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Kumi na mbili! Kwa hesabu za leo mtoto wa umri huo anamalizia msingi, wa praivet ameshachujwa mara mbili, ameshakaa kambi ya mtihani, ameshaambiwa yeye ni wa kundi gani. Yeye ndo kwanza anaingia darasani, na miaka mitatu baadaye, 1937, yuko Tabora. Angekuwa kwenye shule ya Kabula sijui wangemuweka wapi. Na sidhani ni bahati mbaya kwamba huyo huyo mwaka 1967 alipoandika kuhusu Elimu ya Kujitegemea alilalamika kwamba shule ya msingi imegeuzwa maandalizi ya mtihani wa kwenda sekondari wakati asilimia 13 tu ya watoto ndo watapata nafasi, akataka msingi iwe elimu kamili yenyewe, ya mtu atakayeishi. Miaka karibu sitini. Ukisoma leo unaweza kudhani ameandika wiki iliyopita baada ya kupita getini kwenye bango.

Sasa mtu atasema mbona mambo yamebadilika, siku hizi kila anayefaulu anapangiwa shule. Kweli. Kuanzia 2004 zikajengwa sekondari za kata nchi nzima, 2016 ada ikafutwa mpaka kidato cha nne, mlango wa kidato cha kwanza ambao kwangu ulikuwa tundu la sindano sasa hivi unapita na mtumbwi. Nashangilia, sina unafiki hapo, watoto wa kaka wawili wamepita humo. Lakini angalia kilichofuata. Mwaka 2012 serikali yenyewe ilikiri kuna watoto maelfu wamechaguliwa kidato cha kwanza na hawajui kusoma na kuandika. Wamepitaje? Wamebahatisha. Maswali ni ya kuchagua jibu, na siku hizi ni penseli tu, unasiliba kiduara, na watoto wana elimu yao wenyewe ya mambo hayo, Kabula aliniambia ukishindwa siliba C, na usisilibe C tatu zinazofuatana wanashtuka. Miaka tisa, tayari mjanja wa karatasi. Mwaka huo huo wa 2012 kidato cha nne zaidi ya nusu walipata ziro mpaka matokeo yakafutwa na kupangwa upya, na wale wote ni watoto ambao miaka minne nyuma mtihani ulishawaambia hongera. Wamesoma msingi kwa Kiswahili, wamefaulu kwa Kiswahili, Januari wanaambiwa kuanzia leo baiolojia ni kwa Kiingereza.

Na kitu cha pili, hiki ndo nimekiona kwa macho yangu. Serikali ilipopanua mlango, chujio halikutupwa, lilihamishwa. Limeshushwa chini kwa watoto wadogo na limewekwa mikononi mwa wenye shule. Zamani nilichujwa na nchi nikiwa na miaka kumi na tatu kwa sababu viti havikutosha, sababu mbaya ila ni sababu. Kabula anachujwa akiwa na tisa, viti vipo, nalipia mwenyewe, anachujwa kwa sababu ya tangazo. Necta mwaka 2023 waliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora, nikasema afadhali, lakini grupu za WhatsApp za wazazi zinajitengenezea orodha zenyewe ndani ya saa moja matokeo yakitoka. Na sisi wazazi ndo tunaziforwadi. Mimi nimeshaforwadi. Kabula nilimpeleka pale kwa sababu ya lile lile bango, nisijifanye malaika.

Kuna jambo lakini linanifunga mdomo kila watu wakianza kusema mitihani yote ifutwe. Ile karatasi ya ukutani haikujua baba yangu ni nani. Haikujua mtumbwi ni wa kukodi. Kama miaka ile kuchaguliwa kungekuwa kwa mwalimu kupendekeza, au kwa usaili, au kwa barua ya diwani, nani angetoka Igombe? Wangetoka watoto wa afisa uvuvi na mtoto wa mwenye mashine ya kusaga. Mtihani ndo kitu pekee maishani mwangu ambacho hakikuniuliza unatokea kwa nani. Kwa hiyo unanidai shukrani na mimi naudai kaka yangu, vyote kwa pamoja, na sijui hesabu hiyo inafungwaje. Ninachoweza kusema ni kwamba kupima mtoto ujue amekwama wapi ni kitu kimoja na kumpima ujue umtoe wapi ni kitu kingine, na ukifanya hicho cha pili asubuhi mbili tu za mwaka, kwa mtoto ambaye hajaanza hata kubadilika sauti, afu nyuma yake ukafunga mlango na kufuli, basi unachagua vitu vingi mle ndani na akili ni kimoja tu kati ya hivyo. Unachagua nani alilala, nani alikunywa uji, nani alikuwa na malaria. Na mwezi.

Jumapili kaka alikuja kunisalimia, ilikuwa mbalamwezi. Mke wangu akamuonyesha ile karatasi, mimi sikutaka aione. Akaishika muda mrefu. Akasoma yote, nikaona macho yanatembea, hakuniuliza neno hata moja maana yake nini. Afu akasema, "Mi nililala."

Nikamuuliza umelala wapi.

"Kwenye hesabu. Nililala mtihanini. Msimamizi alinigusa bega, nikakuta watu wanafunga karatasi. Nilikuwa nimefika nusu."

Miaka thelathini hajawahi kusema. Hata baba amekufa hajui. Nikamuuliza mbona hukusema, akanijibu angesema kwa nani, na ingesaidia nini, wangesema anatafuta sababu. Mke wangu akaenda jikoni. Mimi nilikaa nikijihesabu upya, nusu ya karatasi, na wakati ule aliyepata nafasi na aliyekosa walipishana alama chache tu, yaani nusu ya karatasi ya kaka inawezekana ilikuwa inakaribia yangu nzima. Hiyo hesabu siwezi kuihakiki popote. Kabula alikuwa amekaa mlangoni anasikiliza, akauliza, "Baba mkubwa, kwa hiyo hukufeli?" Kaka akamwambia, "Nilifeli, mama. Nilifeli nimelala."

Sikusaini. Nikamuhamisha, yuko shule ya serikali huku huku kwetu, anaenda kwa miguu. Na nisiwadanganye kwamba ni peponi. Darasani wako tisini na kitu, madawati wanakaa wanne, Kiingereza chake kimeanza kuyeyuka na mke wangu ananilaumu kimya kimya kila akisikia mtoto wa jirani anaongea. Kuna siku na mimi najiuliza kama nimefanya kwa ajili ya Kabula au kwa ajili ya kaka. Kitu kilichobadilika ni kwamba anaamka saa kumi na mbili badala ya saa kumi na nusu ya alfajiri kusubiri basi la shule, na ameacha kuficha daftari chini ya godoro, nilikuwa hata sijui anaficha mpaka tulipotandua wakati wa kuhama chumba. Wa ngapi hajaniambia na sijauliza, najiuma ulimi lakini sijauliza. Kabula na wenzake ndo kundi litakalomalizia darasa la sita mwaka 2027 pamoja na wale wa la saba, kwa mtaala mpya wa msingi miaka sita, na sera mpya inasema elimu ya lazima ni miaka 10, kwa hiyo kwenye karatasi hakuna wa kuachwa njiani. Madarasa ya kuwapokea makundi mawili Januari moja hilo nalo litajibiwa na 2028.

Mwezi uliopita shule iliitisha kikao cha wazazi kuhusu michango ya chakula, mahindi kiasi gani kila mzazi na hela ya kusaga. Mimi nilikuwa Sengerema kikazi, mke wangu alikuwa na mgonjwa. Nikampigia kaka, nikijua atakataa, nikamwambia hakuna mtu mwingine. Akaenda. Jioni nikampigia nikamuuliza vipi, akasema walikaa masaa mawili, watu wanabishana hesabu ya debe kwa mtoto, hesabu yenyewe imekosewa ubaoni na hakuna aliyeona. Afu wakaomba mzazi mmoja awe mweka hazina wa kamati ya chakula.

"Ukasemaje?"

"Nilinyoosha mkono."

"Ehee?"

"Afu nikashusha. Kuna mwalimu mmoja mstaafu alinyoosha na yeye."

Nikamwambia ungeuacha juu kaka. Akasema kuna kikao kingine mwezi ujao, ila ameangalia, kinaangukia kwenye giza.